Tawi Lililokataa Posa

Siku mshenga Pazi alipopeleka barua ya posa kijijini Kurui, hapakuwa na upepo hata wa kutikisa khanga. Ndiyo kwanza alikuwa amekaa mkekani, tawi la mkorosho nene kama paja la ng'ombe likakatika lenyewe na kutua juu ya viatu alivyovivua. Mzee wa watu hakusubiri kahawa. Alirudi Kwa Mathias peku, barua mfukoni, akawaambia waliomtuma kwamba upande wa mke umeshajibu.

Kesho yake simu ikaingia. Bi Mwanakheri, shangazi wa mwoaji, alishukuru kwa jibu la wazi na kusema Mbaraka atatafutiwa mchumba kwingine.

Hamisa, mama wa msichana, hakulia. Raudha, binti mwenyewe, alikuwa analia kwa niaba ya nyumba nzima. Hamisa alichukua msumeno, akakata kipande pale tawi lilipovunjikia, akakikagua. Kisha akakodi kirikuu, kipikapu cha mizigo, hadi Kwa Mathias. Dereva, aliyezoea kukodiwa kupeleka watu hospitali, aliuliza mgonjwa yuko wapi.

Bi Mwanakheri alikuwa mbele ya duka lake, chini ya mwarobaini, mshenga pembeni na ndara za kuazima. Hamisa alimpakatisha mshenga lile gogo, akatoa shikamoo. Marahaba ikaja, lakini macho ya Bi Mwanakheri yalikuwa kwenye gogo, kwa hiyo haikujulikana anamwitikia nani.

"Aliyekataa ndiye huyu," Hamisa alisema. "Mtazameni tumboni."

Ndani mlikuwa na waya. Gome lilikuwa limeumeza wote, na mti kuuzunguka ulikuwa umeoza, mweusi na laini kama tende. Kwa nje tawi lilikuwa na majani na korosho zake kama mengine.

"Waya niliufunga mimi, nianike nepi za Raudha. Miaka ishirini na tatu. Nikasahau kuufungua. Mkorosho haukumkataa mtu, dada. Niliunyonga mimi."

Bi Mwanakheri akafikiri. "Basi chanzo ni bibi harusi huyo huyo."

"Chanzo ni waya. Kwetu posa hujibiwa na wajomba, siyo mikorosho."

Bi Mwanakheri alisema miti ya kwake haina tabia hizo. Hamisa akainua macho. Kibao cha duka kilikuwa kimening'inizwa kwenye tawi la mwarobaini, na waya wake ulikuwa umezama ndani ya gome, hautokei upande wa pili. Akachukua ufagio, akaligonga tawi kwa mpini. Likaitika kama debe tupu.

"Na hili linakataa nini?"

Bi Mwanakheri alisimama, akabeba kiti chake, akaenda kukaa juani karibu na barabara, mabasi yakimpulizia vumbi. Alilitazama tawi lake kwa muda mrefu. Hatimaye akasema, bila kumgeukia Hamisa, maana sasa ilikuwa posa tena, na wakwe hawazungumzi posa ana kwa ana:

"Mshenga, waambie wenzetu Jumamosi unarudi na barua."

Hamisa alikuwa hatua tatu kutoka hapo. "Mshenga, waambie tutakuwa tayari. Mkeka tutautandika uwanjani, mbali na mkorosho."

Mzee Pazi, gogo bado limo mikononi, akavuka zile hatua tatu kufikisha ujumbe, kisha akarudi na jibu.