Pindo la Vazi la Msiba

"Umelichania wapi?" Bunrye aliuliza, akilitandaza lile vazi la katani magotini.

"Kwenye miiba, nikija kukuchungulia." Mgeni alikuwa amekaa barazani, kofia yake pana ya msiba imemfunika mpaka kidevuni kama kapu lililopinduliwa. "Fanya haraka, Bunrye wangu. Mdogo wake Mzee Yun anafika kabla ya chakula cha mchana. Nitampokeaje na nguo za ndani?"

Siku nyingine Bunrye angecheka. Leo alikuwa na ufunguo ndani ya soksi, umemkaa chini ya kisigino, na kicheko hakikupata njia ya kutoka.

Mgeni alikuwa na siku arobaini katika nyumba ya Mzee Yun. Alikuja na barua ya zamani ya uchumba, akasema yeye ndiye Seo Inhak, mwana wa rafiki wa mzee, na kwamba baba yake amefariki. Mzee Yun, ambaye mtoto wa jicho alikwisha kumfunga macho yote mawili, aliipapasa barua, akaupapasa muhuri, akalia machozi. Nani tena amsumbue? Mtu mwenye msiba haulizwi mengi wala hafunuliwi uso. Ilikubaliwa kwamba miaka mitatu ya msiba ikiisha, atamwoa binti wa nyumba.

Hayo ndiyo yaliyojulikana sebuleni. Nyuma ya mitungi ya mchuzi wa soya kulikuwa na mengine. Huko Bunrye, mjakazi wa sindano, alikuwa ameuona uso ule ambao binti wa nyumba alikuwa bado anauota tu. Siku moja sindano ilimchoma, na mgeni akakichukua kidole chake akakinyonya damu taratibu, bila kinyaa, kana kwamba ni kidole cha bibi mkubwa.

"Karatasi yako ya utumwa imo ndani ya kasha la mzee," alimwambia. "Niletee ufunguo tu. Tutaichoma, twende zetu mbali, mji wa Wonsan, ukawe mke wa mtu."

Mke wa mtu! Kwa miaka ishirini na saba watu walimwita "wewe". Basi asubuhi hii, alipokuwa akimbadilisha sketi bibi, mke wa mzee, aliufungua ufunguo kwenye mkanda wa bibi.

Sasa aliuziba mchaniko begani, akakata uzi kwa meno, kisha akaligeuza vazi atazame kama limechanika chini pia. Mkono ukasimama. Pindo lilikuwa limekunjwa na kushonwa.

Alilifuata kwa kidole kuzunguka vazi zima. Hapakuwa na hata inchi moja iliyoachwa. Bunrye alikuwa ameshona nguo za msiba tangu ana miaka tisa, na jambo hili hata angeamshwa usingizini angelisema: anayemlilia baba huvaa katani isiyopindwa, nyuzi zikining'inia, na hushika fimbo ya mwanzi. Anayemlilia mama ndiye hupindiwa, na fimbo yake huwa ya mti mweupe laini. Fimbo ya mgeni iliegemea nguzo pale barazani. Ilikuwa ya mwanzi, mbichi bado.

Labda fundi alikosea, alijaribu kujiambia. Lakini mishono haikuwa ya mtu wa kukosea. Ilikuwa midogo, imebanana, mishono ya mwanamke aliyeshona huku analia na bado asipoteze hesabu.

Ndipo maneno ya Mama Deokbong, muuza nyuzi na vitana, yalipomrudia. Siku nne zilizopita alikuwa amekaa jikoni, akinywa maji ya ukoko wa wali.

"Huko mlima Joryeong wamemkuta mtu korongoni, shoga yangu, ana nguo za ndani tu! Pembeni fimbo yake ya mti mweupe. Masikini, alikuwa anamlilia mama. Sasa wewe niambie, mwizi gani anaiba nguo za msiba? Hata chui milia akila mtu huacha nguo!"

Wote jikoni walicheka siku ile. Bunrye alicheka kuliko wote.

Alielewa sasa kwa nini mgeni alisema aliyekufa ni baba. Baba angekuwa hai, Mzee Yun angemwandikia barua, na jibu lingerudi. Mwenye vazi, Inhak wa kweli aliyeachwa korongoni, alikuwa amemzika mama yake, na huyu aliyelivaa alibadilisha fimbo tu, hakujua kwamba mama na baba hawaliliwi kwa nguo moja.

Mkasi ulikuwa karibu na goti. Kulifumua pindo ilikuwa kazi ya muda mfupi. Mdogo wake mzee alikuwa mwalimu wa adabu za matambiko, mwenye macho ya kipanga. Asipokuta pindo, mgeni angepita salama, wao wangechukua karatasi, na kesho angekuwa njiani kwenda Wonsan. Alimpenda. Tusidanganyane, hata wakati ule, na vazi la marehemu magotini, alimpenda.

"Bado?"

"Pindo limelegea, bwana. Nilikaze."

"Pindo!" Mgeni alicheka. "Nani anaangalia miguu ya mfiwa?"

"Nani alikushonea?"

Kicheko kilikatika. Alinyanyuka, akaingia chumba cha kushonea, kivuli cha kofia kikafunika kikapu cha nyuzi. Alimwekea mkono shingoni, polepole kama alivyozoea, ila leo kidole gumba kilitulia juu ya mshipa.

"Una maswali leo, Bunrye wangu. Ufunguo uko wapi?"

"Bibi bado hajavaa, sijaupata." Sauti ilimtoka laini, mwenyewe akaistaajabia. "Msalimie mwalimu kwanza. Ukirudi utaukuta."

Kidole kilikaa kidogo, kisha kikaondoka. Bunrye aliuacha mkasi. Alichagua uzi mnene, akapita tena juu ya mishono ya yule mwanamke asiyemjua, mshono kwa mshono, mpaka pindo likawa la kuonekana toka ng'ambo ya uwanja. Alimvalisha mwenyewe. Akamfunga kamba ya katani kiunoni, akaipapasa mara moja tu.

"Mikono yako ina baraka," mgeni alisema.

"Nenda, bwana. Farasi wa mwalimu amefika."

Alishuka ngazi, fimbo ya mwanzi mkononi, pindo likimgusa vifundo vya miguu, limenyooka. Bunrye aliwasikia wakisalimiana, Mzee Yun akiwa pamoja nao. Kisha mwalimu akauliza, kwa upole, pindo lile ni la kumlilia nani. Akauliza tena. Fimbo ikaanguka juu ya mawe na watu wakaanza kukimbia, wapishi, wachunga farasi, hata bibi na bintiye kutoka chumba cha ndani, milango wameiacha wazi.

Machozi yalikuwa yakimtoka, naye hakuyafuta. Alisimama. Chumba cha mzee, mlimokuwa na kasha lenye karatasi yake, kilikuwa hatua kumi na mbili kutoka pale, na katika kila hatua ufunguo ulimchoma kisigino.