Jaji Anakuja Kula

Dada yangu, Phelista Nasambu, ni jaji wa Mahakama ya Rufaa, na tangu aanze kazi ya sheria hakuwahi kula kuku wa mtu kwetu Mabanga. Si maringo. Alipokuwa hakimu mchanga kule mlimani, mzee mmoja alimletea jogoo kortini, miguu imefungwa kamba. Akawafukuza wote wawili. Akapanda Mahakama Kuu, akapanda Rufaa, na kila alipokuja nyumbani alikunywa chai ya rangi akaondoka. "Wilkista," aliniambia, "kila kuku wa hapa ana kesi nyuma yake."

Mimi nauza mitumba Kitale. Kanjo, wale askari wa kaunti, wamenibebea mzigo mara nyingi hadi nawajua kwa mlio wa buti. Nilimjibu, "Basi wewe baki na cheo, hao kuku wenye kesi niletee mimi. Nitawahukumu."

Mwaka huu Mama alichoka. "Aje ale kuku ya mkono wangu nikiwa hai." Phelista akakubali kuja Jumamosi, ingawa Jumatatu yake alikuwa na jambo zito: majaji wa Rufaa walikuwa wanachagua mmoja wao wa kuwaongoza, na jina lake lilikuwamo. Kiti hicho alikitaka kuliko alivyokubali kusema. "Jaji akionekana tu anafanya siasa mtaani, ameisha," alinieleza.

Simu ya Mama haikuwa na chaji, nikampigia kaka yetu Wakoli, ambaye amegombea uwakilishi wa wadi mara mbili na kuanguka mara mbili.

"Mwambie Mama, Phelista anakuja Jumamosi kula."

"Kura?"

"Kula, bana!"

"Sawa. Kura."

Nikacheka, nikakata. Kwetu l na r ni majirani wanaoazimana chumvi. Nani ana muda wa kuwaamua?

Jumamosi Phelista alinipitia Kitale, anaendesha mwenyewe. Tulishuka Kimilili na Chwele tukicheka tu. Kufika njia ya kuingia Mabanga, akakanyaga breki hadi nikagonga paji la uso.

Kwenye mlingoti wa stima kulikuwa na uso wake. Na kwenye mlingoti uliofuata. Na kwenye ukuta wa posho mill, pale pa kusagia mahindi. Picha yake akiwa na joho la ujaji ilikuwa imebandikwa juu ya mabango ya zamani ya Wakoli, uso juu ya uso, na chini ikabaki alama ya kura ya Wakoli ya uchaguzi uliopita: CHAGUA SUFURIA.

"Wilkista. Huyo ni mimi?"

"Ni wewe. Wamekupunguza tu mashavu."

Hakuna aliyecheka, hata mimi.

Nyumbani tulikuta mahema, spika kubwa, umati, na simu zimeinuliwa juu kutupiga picha. Nikamvuta Wakoli kando.

"Kaka, umefanya nini?"

"Si ulisema anakuja kwa kura? Hata redio ilisema ako na uchaguzi."

"Nilisema kula! Kula chakula!"

Akanitazama kama niliyerukwa na akili. "Phelista? Hapa? Ni rini huyu amewahi kura kitu yetu?"

Wakoli akarudi mbele, akamtia dada yetu kipaza sauti mkononi. "Mheshimiwa, waambie watu wako mwenyewe!"

Phelista aliniinamia sikioni. "Nikisema kura, nimeisha. Nikisema nimekuja kula, kesho nchi nzima ina video ya jaji anayesema amekuja kula." Na sote tunajua mwenye cheo akila, watu hawafikirii ugali. Mwanamke ambaye mawakili wazima humwogopa, amekwama kwa herufi moja.

Ndipo Mama akatoka jikoni na sahani. Juu yake kulikuwa na firigisi, peke yake.

Kwetu firigisi ni ya mwanamume mwenye boma. Tangu Baba afariki, ilikuwa ya Wakoli, naye alikuwa ameshapangusa mkono na kuunyoosha. Mama akaupita ule mkono kama hauoni.

"Shika, Jaji. Kura."

Mzee mmoja alisimama, akaketi, akasimama tena. Phelista aliweka kipaza sauti chini, akaila polepole, machozi yakimtoka. Alipomeza akasema, "Mama aliniita, nimeitika. Sitafuti kiti kwa mtu yeyote hapa. Toeni hizo picha." Akaketi chini kando ya Mama. Mkono wa Wakoli ulikuwa bado hewani.

Jumapili video ilikuwa kila mahali, lakini mabango hakuna aliyeyajali. Wanaume wa Bungoma yote walikuwa wanabishana juu ya firigisi. Hata hivyo Jaji Mbogo, mwenzake wa Rufaa, alipiga simu akitaka kujua mabango yalikuwa ya nini. Phelista akamweleza yote, kula na kura. Kikaja kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. "Hiyo," Mbogo alisema, "ni rufaa ambayo ningependa kuisikiliza."

Jumatatu nilikuwa nakunja suruali kibandani simu ilipolia.

"Nimepita, Wilkista. Kwa kura moja."

Nilipiga yowe hadi mteja akaangusha suruali, ile ya kununua, si yake. Nikampigia Wakoli. Nyuma yake spika ilikuwa inanguruma.

"Nirikuambia! Mabanga imempitisha!"

"Kaka, waliopiga kura ni majaji. Majaji peke yao!"

"Na nani aliwaonyesha sufuria?" Akavuta pumzi. "Mwambie arudi Jumamosi. Watu wanataka kura yao."

"Kura ama kula?"

"Si ndiyo hiyo nimesema?" akajibu, akakata simu.