Kipimo cha Kushoto

Binti yangu alikuwa anajiandaa kwa mchujo wa timu ya makasia, na msimu ule mto ulifurika, hausogeleki. Ikabidi afanye mazoezi sebuleni, kwenye mashine ya kupigia makasia. Mashine yenyewe ilikuwa inachosha: unavuta mnyororo, unatazama ukuta. Mimi ni fundi wa redio na televisheni. Shule niliiacha mapema, lakini na waya tunaelewana. Nikamtengenezea mto.

Niliikalisha mashine juu ya springi ili iyumbe kama mtumbwi mwembamba. Nikaweka mipini miwili, kila mmoja na kipimo chake cha nguvu, nikaviunganisha na televisheni kubwa. Akivuta sawasawa, mtumbwi kwenye kioo unakwenda moja kwa moja. Mkono mmoja ukizidi, unapinda, unagonga ukingo, na kiti kinatikisika. Feni ilimpulizia upepo. Siku ya kwanza alicheka mpaka akadondoka.

"Baba, bado kunilowesha tu!"

"Ngoja nilete ndoo."

Wiki ya tatu mtumbwi ukaanza kupinda, kila mara upande uleule. Nikaangalia: kushoto kunasoma pungufu. Vile vipimo nilivinunua rahisi, nikamlaani aliyeniuzia. Katika kazi yangu, kipimo kikisoma vibaya unakirekebisha. Nikakiongezea asilimia tano. Mtumbwi ukanyooka. Baada ya siku kadhaa ukapinda tena, nikaongeza kumi.

"Baba, huu mkono wa kushoto kama si wangu," akasema siku moja.

Mama yake akadakia kutoka jikoni: "Jana kavunja kikombe cha pili. Mpeleke hospitali, baba yake!"

"Kachoka tu," nikasema, nikamgeukia binti. "Mama, hebu tazama kioo. Mtumbwi umenyooka kama rula. Mkono mbovu unaweza hivyo?"

Akatazama. Akaniamini.

Siku ya mchujo mto ulikuwa umetulia. Nilisimama ukingoni na kifua mbele. Filimbi ikalia, mtumbwi wake ukazunguka. Akauweka sawa, ukazunguka tena, wenzake wanampita.

"Binti, tunashindana au tunakoroga uji?" kocha akapaza sauti. Watu wakacheka.

Alipofika ukingoni, kasia la kushoto lilimponyoka. Akajaribu kulishika, vidole vikakataa. Kocha akaacha utani.

Daktari alituonyesha picha. Uvimbe shingoni, umebana mshipa wa fahamu. Utatolewa, alisema, lakini mkono hakuuahidi.

"Mshipa ukibanwa muda mfupi, mara nyingi nguvu hurudi. Ulianza lini?"

"Kama wiki mbili," binti akajibu.

Ningeweza kunyamaza.

"Miezi mitatu," nikasema. "Mashine ilionyesha. Nilidhani kipimo ni kibovu, nikawa nakiongezea. Mpaka mchujo nilikuwa nimefika asilimia arobaini."

Daktari akaweka kalamu chini. Binti yangu akanigeukia.

"Nilikwambia mkono si wangu."

"Uliniambia, mama."

"Ukasema nitazame kioo."

Akaanza kufunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja. Cha juu kikamshinda. Nikanyoosha mkono nimsaidie. Akasogeza kiti chake upande wa pili wa meza, akamwomba daktari amfungie.