Treni Iliyokatika Katikati

Kwa wiki saba, katika miji kumi na mmoja ya Ulaya, mzee Orvin wa Minesota alikuwa akiwapiga wajukuu wake kamba, kwamba njiwa wa Venisi hulipa kodi, na kwamba yeye aliwahi kumfundisha mfalme kuteleza kwenye barafu.

Siku hiyo aliwapeleka Nils na Greta kula soseji behewa la nyuma, akamwacha mama yao, Marit, mbele na mizigo. Wakiwa wanatafuna, treni ikagawanywa kituoni, kama ilivyo kawaida Ujerumani. Nusu ya mbele ikaendelea kuelekea mji wa Koloni. Nusu yao ikapinda kwingine.

Orvin akapiga simu. “Marit, treni imekatika katikati! Shuka kituo kijacho, turudi tukutane pale ilipogawanywa.”

“Baba, usianze. Niletee watoto.”

“Naapa, mwanangu!”

“Hata habari za njiwa uliapa.”

“Mama, Babu hadanganyi!” Nils akapaza sauti.

“Ameshakufundisha na wewe?”

Kila dakika ilizidi kuwatenganisha. Mzee akasema taratibu, “Nenda mwisho wa treni yako, uchungulie dirisha la nyuma.”

Hatua zikasikika simuni, kisha Marit akasema kwa sauti ndogo, “Naona reli tupu. Nashuka, Baba.”