Kadi Aliyoahidiwa Jude

Wateja wa kadi za grafiki nawajua kabla hawajafungua mdomo. Wengi ni vijana wa sekondari waliokwisha kutazama video zote za mtandaoni, wanakuja dukani kwangu Nalufenya, hapa Jinja, kunifundisha kazi yangu mwenyewe. Wote wanataka kadi ya kati: isiwe ile ya kumfanya baba auze kiwanja, wala ile ya kucheza mpira wenye wachezaji wasio na sura. Kwa hiyo asubuhi ile alipoingia mtu mzima mwenye sare ya askari magereza, buti zinang'aa, nilijua amepotea. Nikamwambia fotokopi ni mlango wa pili.

"Hapana fotokopi," akasema. "Mimi nataka kadi ya kompyuta. Ile ya kucheza game."

Aliitwa Afande Geresom, ametoka Mbale. Nikamuuliza maswali ya kawaida. Kompyuta ni ya nani? Ya mwanawe, Jude. Skrini ina ukubwa gani? Akapima hewani kwa mikono. Mtoto anacheza nini? "Magari. Na vita." Na kile kisanduku cha umeme ndani ya kompyuta kina wati ngapi? Hapo akanikodolea macho kana kwamba mimi ni mahabusu niliyemjibu vibaya.

"Afande, mpigie kijana simu tumuulize mwenyewe," nikasema. "Kadi ni kama kiatu, huwezi kununua bila mguu."

"Mutoto alikufa," akasema.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mdomo wangu huu umeniponza mara nyingi, lakini si kama siku hiyo. Nikamvutia kiti. Hakukaa.

Alinieleza akiwa wima. Alimwahidi Jude kadi hiyo akifaulu mitihani. Jude akafaulu. Baba akanunua mabati ya nyumba kwanza, akamwambia kijana asubiri, na kijana hakulalamika. Baada ya muda Jude akaanza kuonekana jioni akiendesha bodaboda ya kukodi kwenye barabara ya Nakaloke, na kwenye barabara hiyo hiyo ndiko lori lilikomkuta.

"Nyumbani alikula. Shule mimi nililipa," afande akasema. "Sasa alitafuta nini kwa barabara? Hiyo ndiyo mimi hapana jua."

Tangu mazishi, mtoto alikuwa akimjia alfajiri. Hasemi neno. Anasimama chumbani kwake mwenyewe, helmeti mkono mmoja, mkono wa pili ameuweka juu ya kompyuta, anamtazama baba yake. Bibi Wilkista, mama mzazi wa afande, ndiye aliyemfasiria: marehemu anadai alichoahidiwa. Kipelekwe chumbani kwake kabla ya kuvunja matanga, na kiwe kipya kabisa, maana kumpa marehemu kilichokwisha kutumiwa na mtu ni kumpa makombo.

Mimi ni mtu wa kupima umeme kwa mita. Mambo ya wafu nawaachia wenyewe. Lakini ahadi ni deni, hilo halihitaji mita, na yule mzee alikuwa amekonda kola imemzidi shingo. Nikamtolea kadi tatu, nikazipanga kauntani.

Ya kwanza ilikuwa modeli ya 3050, mpya, haihitaji hata waya wake wa umeme, ila michezo ya vita ingeitoa jasho. Ya pili ilikuwa 6600, kumbukumbu yake GB nane. Haina ulafi wa umeme, na kwa skrini ya kawaida inatosha na kubaki, lakini ilikuwa mtumba. Ya tatu ilikuwa 3060 ya GB kumi na mbili, bado imo ndani ya nailoni yake, ina nguvu na inakula umeme zaidi.

"Ingekuwa mimi," nikamwambia, "ningechukua hii ya katikati."

"Nani alitumia?"

"Mtu wa Dubai huko, afande."

Akaisogeza pembeni kwa kidole kimoja. Akaishika ya tatu kwa mikono miwili, akaigeuzageuza, kisha akaniuliza swali ambalo hakuna mteja amewahi kuniuliza.

"Na hii, yeye atafurahi?"

Nikasema atafurahi. Ningesema nini?

Kwa kuwa hakujua kuifunga, na hakutaka fundi mwingine aiguse, Jumamosi nilikwenda Mbale mwenyewe. Nilibeba na kisanduku cha umeme kikubwa zaidi, nisije nikafika kwao Namakwekwe nikakuta cha kijana hakitoshi. Margret, mama yake Jude, akanipokea kwa chai ambayo yeye mwenyewe hakuigusa. Bibi Wilkista alikuwa kwenye mkeka, akaomba aone ile nailoni kwanza. Aliikagua pande zote kama afisa wa forodha, akaridhika. Afande akanisindikiza hadi kizingiti cha chumba cha mwanawe. Hakukivuka. Akarudi uani, na Racheal, dada yake Jude, akaingia nami kunimulikia kwa tochi ya simu.

Nikafungua skrubu, nikavuta ubavu wa kompyuta. Pale pa kuwekea kadi palikuwa na kadi.

Ilikuwa 6600, mtumba, imepanguswa ikapangusika. Nyaya zake zilikuwa zimefungwa kwa vipande vya raba ya pikipiki, vimekatwa sawasawa. Sikuhitaji kuuliza nani amezifunga. Racheal akaigeuzia tochi ukutani.

"Ulijua?" nikamuuliza Racheal.

"Nilijua, sebo." Hata hilo sebo la heshima alilinong'ona. "Alinunua mwenyewe. Alikuwa anaendesha boda jioni, akitoka kusoma, mpaka ikatosha. Siku ile aliifunga mchana, ikawaka. Akasema nisimwambie baba, yeye mwenyewe atamwita aje aone. Akatoka kurudisha pikipiki aliyokodi kwa Mugweri kule Nakaloke. Hakurudi."

Nilikaa sakafuni na bisibisi yangu. Kwa dirisha nilimwona afande uani, amesimama mikono nyuma, kama anayengoja mkubwa wake afike kukagua gwaride.

"Tafadhali usimwambie," Racheal akasema. "Yeye anauliza kila siku Jude alitafuta nini barabarani. Akijua ni kadi, kadi aliyomnyima yeye, tutazika wawili."

Nilikasirika. Nilimkasirikia msichana, nikamkasirikia afande na mabati yake, nikajikasirikia mimi kwa kutoka Jinja. Halafu nikafanya nilichoombwa. Nikaitoa kadi ya Jude, nikaitumbukiza chini kabisa ya begi langu, nikafunga ile mpya. Racheal akawasha mchezo wa magari, mwanga wa rangi ukafika hadi ukumbini, na Margret akaanza kulia kwa sauti. Afande alisogea hadi mlangoni. Akaitazama skrini, kisha akanipigia saluti, mimi, mwongo, mwenye mali ya mwanawe begini. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Dukani niliiweka kadi ya Jude kwenye rafu nyuma ya kaunta. Kuiuza sikuweza, kuirudisha sikuweza. Jumatatu, nimetoka tu kuswali adhuhuri, nikaona feni zake ndogo zinazunguka polepole, nayo haijaunganishwa popote. Nikailaumu feni ya darini kwamba inazipulizia. Mara umeme ukakatika mtaa mzima. Fotokopi ya jirani ikanyamaza, feni ya darini ikapunguza mwendo hadi ikasimama. Zile za kadi hazikusimama.

Nilipogeuka, kijana alikuwa amesimama upande wa wateja, jua linawaka, helmeti mkononi, viatu vyekundu kwa vumbi. Nilisema "karibu" kabla akili haijanifikia. Kisha nikaikumbuka helmeti ya Jude. Nikasoma Ayatul Kursi mpaka mwisho. Akasikiliza kwa adabu, na hakuondoka. Wala hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama mlango, kama mtu aliyeahidiana na mwenzake.

Hapo ndipo nilipoliona kosa letu, langu na la afande na la bibi Wilkista. Mtoto hakuwa anadai kitu. Alikuwa na kitu cha kumwonyesha baba yake, basi, na mimi nilikibeba nikakileta Jinja.

Akawa anakuja kila mchana. Wateja walipita karibu naye wakisugua mikono na kulalamikia baridi, Jinja hii, saa ya jua kali. Mke wangu Rashidah alikuja kuniletea chakula, akasimama mlangoni, akakataa kuingia. Nikamwambia yote pale pale nje.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema. "Na wewe umeficha ya wenyewe. Mpigie baba wa watu simu."

Nilimwogopa Jude, ndiyo. Lakini nilimwogopa baba yake zaidi. Kila nikishika simu nilimsikia Racheal akisema tutazika wawili, naiweka chini.

Mwishowe akapiga afande mwenyewe. Ilikuwa mchana, na kijana alikuwa pale pale kauntani.

"Magidu," akasema. "Mimi nalala sasa."

"Alhamdulillahi, afande."

"Nalala mpaka asubuhi. Mutoto hapana kuja tena." Nilisikia kuku wa uani kwao. "Mimi nilifikiri nataka yeye aache. Sasa nyumba imenyamaza. Ile alfajiri ndiyo nilikuwa namwona. Magidu, rudi Mbale. Toa hiyo kadi. Labda yeye atakuja kudai tena."

Niliegemea rafu. Machozi yalinitoka bila kuyaita, mtu mzima, mchana, duka limefunguliwa.

"Afande, haji kwako kwa sababu yuko huku kwangu," nikasema.

Nikamwambia. Nilimwambia juu ya kadi niliyoikuta ndani, raba za pikipiki, jioni za Nakaloke, na kwamba siku ile mwanawe alitoka mara moja tu, arudi amwite aje aone. Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyeificha, na kwamba Racheal aliniomba hivyo kwa kumpenda baba yake. Nilidhani nimemuua. Niliita, "Afande? Afande?"

"Ilikuwa ile gani?" akauliza. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine, ndogo.

"Ile ya katikati. Ile 6600."

"Alichagua vizuri?"

"Vizuri sana, afande. Kuliko sisi wawili."

Alilia. Aliniacha nisikie, hakuifunika simu. Kisha nikasikia kiti kikisukumwa, na buti, na Margret akimuuliza anakwenda wapi.

"Iko hapo, hiyo kadi? Na yeye iko hapo?"

"Wako hapa wote wawili."

"Mwambie angoje," afande akasema. "Mwambie baba yake anakuja kuona."

Nikageukia upande wa pili wa kaunta, nikamwambia.