Jaribio la Kimya

…rusha, Shangazi, rusha tu, dadu mbili zimo mkononi mwako, nasikia zinagongana ndani ya kiganja, unazitikisa na kuongea, unazitikisa na kuongea, kwani ni lazima uongee, zimwi limekaa katikati ya daraja, kazi yake ni kupigwa, nimeliandikia nguvu za kutosha na ubovu kwenye goti la kushoto, mtu mwenye akili timamu akisoma hivyo analenga goti, anarusha dadu, zimwi linaanguka mtoni, tunavuka, tunaendelea na maisha yetu, lakini Shangazi anauliza goti limeanza kuuma lini. Lini. Namsikia vizuri kabisa, ingawa simwoni, simwoni mtu yeyote, naona ukuta, rangi ya krimu na msumari usio na kazi, kwa sababu dada yangu amekigeuza kiti changu kwa mikono yake mwenyewe, nikiwa nimekikalia, akasema nikigeuka nimeshindwa, nikisema nimeshindwa, nikikohoa tunahesabu kuwa nimesema, maana jaribio lililopita nilikohoa, nakubali, nilikohoa mara moja kwa ndiyo na mara mbili kwa hapana, na lile la kabla yake nilitumia nyusi, na watu wazima wanne wakaacha kusoma kitabu cha mchezo wakawa wanasoma uso wangu, dada akatupa penseli mezani akasema huu si mchezo, huu ni wewe… Ndiyo maana niko hapa kama mtoto aliyepewa adhabu darasani, mkurugenzi mzima, magoti yanagusa ukuta.

Mkurugenzi, ee, cheo nilijipa mwenyewe wiki ambayo dada alikuwa anaumwa mafua, yeye ndiye mchoraji, mhariri, mfungaji wa maboksi na mpokeaji wa simu za wateja wanaotaka kujua kama mchezo wetu unatumia betri, hautumii betri, si karata, si drafti, na mama mwenye nyumba aelewe mara moja na kwa yote kwamba si kamari, ni mchezo wa kusimulia, watu wanakaa mezani, mmoja anakuwa msimulizi, wengine wanajifanya mashujaa, wanasema wanachotaka kufanya na dadu zinaamua kama kimewezekana, sasa hapo kigumu ni nini, lakini kila nikimaliza kueleza mtu ananitazama kwa huruma na kuniuliza kama nina kazi nyingine, na baba yangu kwenye vikao vya familia ananitambulisha, huyu ni kitindamimba wangu, anachapisha vitu. Vitu… Kimya. Nyuma yangu kurasa zinafunuliwa, huyo ni mwalimu wa udereva, jirani yetu wa ghorofa ya chini, ndiye msimulizi leo, tumemchukua kwa sababu hajawahi kucheza mchezo wowote maishani na anajivunia hilo, na tangu tuanze anasimulia kama yuko kwenye gari la mafunzo, tazama kioo, mbele yako kuna msitu, punguza mwendo, kushoto kwako pango, usiingie pango bila kuonyesha ishara, msitu wangu, ule msitu niliouandika nikitokwa na machozi, anaupita kwa gia ya pili, nami natafuna shavu la ndani mpaka nasikia ladha ya chuma.

Jikaze. Jikaze kisabuni, ndugu yangu, maana leo ndiyo leo, shirika kubwa la vitabu vya shule limemwita dada akawachoree, moyo, mapafu, figo iliyokatwa katikati, mmea na mizizi yake, kazi ya uhakika, meza yake mwenyewe, dirisha lake mwenyewe, wanataka jibu lake jioni hii, na dada hakupiga kelele, afadhali angepiga kelele, alinimiminia chai akasema kwa upole, “Wakivuka mpaka mwisho kwa kitabu peke yake, nabaki, tunachapa. Wakikwama mpaka wewe ufungue mdomo, mdogo wangu, nakwenda kuchora figo.” Ndivyo linavyokwenda jaribio la kimya, kila mtengeneza michezo analijua, unawapa wageni kitabu na dadu halafu unakaa pembeni bila kutia neno, kwa sababu mtu akishanunua kitabu mwandishi hatakwenda nyumbani kwake kumweleza alimaanisha nini, ingawa mimi ningekwenda, ningekwenda kwa furaha, hata wasiponipa kiti.

“Goti bovu halipigwi,” anasema Shangazi. Huyo kastaafu unesi lakini unesi haujamstaafu, shujaa wake nimempa mkuki, ngao na hasira ya urithi, yeye ngao kaigeuza kitanda cha kubebea wagonjwa, sasa anataka zimwi likae, linyooshe mguu, yeye aongee nalo kwanza, na mwalimu wa udereva anamwambia kwamba kitabu kinasema goti ni pa kupigwa, na Shangazi anamuuliza kitabu kimesomea wapi. Halafu huyu wa tatu, fundi wa friji, yeye alikuja kutengeneza friji, tukamshika mlangoni akiwa na kisanduku chake cha vifaa, akasema ana nafasi kidogo, kampuni nzima imekaa roho juu na fundi wa friji anauliza daraja limefungwa kwa bolti za saizi gani, kwa sababu kama zimwi halitoki basi tulifungue daraja lenyewe tuondoke nalo, simcheki, sicheki, hii si ya kucheka… mwalimu anasema, “Haya, sista, unataka kulishawishi. Ngoja nione kushawishi.” Kurasa zinafunuliwa. Ah, kushawishi, tulia sasa, hapo niko imara, kushawishi kupo, kupo kwenye ile sura ya nane, mwishoni, baada ya jedwali la sumu, nenda, mwalimu, kata kulia hapo kwenye sumu.

Anasoma. “Kuhusu kushawishi, tazama sura ya tatu.” Sawasawa. Kurasa. Anakohoa, yeye ana haki ya kukohoa, mwenye bahati. “Kuhusu kushawishi,” anasoma, taratibu, kama anayesoma kibao cha barabarani asichokiamini, “tazama sura ya nane.” Na fundi anasema, basi huo ni mzunguko tu, na mwalimu anasema ndiyo, tena hauna njia ya kutokea, na kalamu ya dada, niliyokuwa naisikia ikiandika tangu asubuhi, imesimama.

Haiwezekani. Nimeisoma sura ya tatu mara ngapi, ninaweza kuimba sura ya tatu, haiwezekani kwa sababu watu wameshawishi mara chungu nzima kwenye mchezo huu, shemeji yangu alimshawishi mfalme ampe farasi, mpiga picha yule mwenye sauti nyembamba alishawishi mlango, mlango, nami nikamruhusu, wote wakafurahi, sasa walitumia kanuni gani, walitumia… mimi nilikuwa msimulizi, nilisema rusha dadu, wakarusha, kisha nikasema… nikasema nini? Fikiri, maana ulimi unaniwasha, kanuni iko kwenye ncha ya ulimi, ningeruhusiwa sentensi moja tu ningewaambia, jumlisha haiba, ondoa ukali wa… hapana, hiyo ni ya kununua vitu sokoni. Rusha dadu, kisha msimulizi anatazama… anatazama sura ya mchezaji. Mungu wangu. Nilikuwa natazama sura zao. Shemeji alikuwa na siku mbaya kazini nikampa farasi, mpiga picha alikuwa ananichekesha nikamfungulia mlango, dadu zilikuwa zinalia mezani kama mapambo na mimi nilikuwa nimeshaamua, hakuna kanuni, haijawahi kuwepo, hata kiti kikigeuzwa sasa hivi, hata dada aseme haya, mdogo wangu, sema, sina la kusema, miaka yote hii nimeuza mchezo ambao nusu yake ilikuwa ni mimi nikikunja uso na kuukunjua, na sehemu hiyo haiingii kwenye kitabu hata ukiongeza kurasa.

Basi ndiyo hivyo. Dada atapata dirisha lake. Atachora figo nzuri sana, anajua kivuli, figo zake watoto watazipenda, na mimi nitabaki na chumba hiki, na maboksi ya mchezo wa kwanza ambayo tunayakalia kwa sababu hakuna aliyeyanunua, na nani atanifutia vivumishi, mimi bila yeye ni vivumishi vitupu, inaniuma, sitaki aende, sikumwambia sitaki aende, nilimwambia itakuwa hasara kwa tasnia. Tasnia. Mtu anamiminiwa chai na dada yake wa damu halafu anamjibu kuhusu tasnia…

“Kitabu hakisemi,” anasema mwalimu wa udereva. Hakuna anayenigeukia, au wote wamenigeukia, nitajuaje, shingo inaniwaka. Kiti kinalia, ni fundi, anakuna kidevu kwa sauti, anasema kwao mafundi wakikuta mashine haina karatasi ya maelezo hawaitupi, wanaangalia inataka kufanya nini, sasa hili zimwi linataka nini, kazi yake kusimama na kukataza watu, kila anayekuja anakuja na uongo, mimi mfalme, mimi nabii, nipishe nina haraka, kwa hiyo yeye fundi anaona, “Tufanye hivi. Anayetaka zimwi limsikilize, aliambie jambo moja la kweli. La kwake mwenyewe, si la shujaa. Halafu ndiyo arushe.”

Upuuzi. Huwezi kuchanganya, shujaa ni shujaa na mtu ni mtu, nimeandika utangulizi mrefu kuhusu jambo hilo, na je, asiye na jambo la kweli, na je, wakiwa na haraka, na mizani iko wapi, mtu akitoa ukweli mdogo apate nini, hapana, fundi, rudi kwenye friji… jambo moja la kweli halafu ndiyo urushe. Inakaa mstari mmoja. Inakaa mstari mmoja na kila mtu ameielewa, hata msumari huu umeielewa, mbona mimi sikuiona, mbona imemjia mtu mwenye bisibisi mfukoni ambaye hata kiti kizima hajakikalia, nachukia jinsi ilivyo nzuri, naichukia kabisa.

Dadu bado zinagongana mkononi mwa Shangazi, lakini polepole, sasa zinagongana kama mtu anayewaza, halafu anaanza kusema, wala si ile sauti yake ya kutuamrisha tule, anasema na zimwi, analiita mwenzangu. “Mwenzangu, na mimi nilikuwa nalinda mlango. Wodini. Kabla ya saa ya kuona wagonjwa hapiti mtu, ndiyo sheria. Walinitukana, walinililia, walinisukuma, mmoja alinitemea mate, na mtoto wake alikuwa ndani kweli. Nilisimama pale miaka. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama miguu inaniuma.”

Anaishia hapo. Na chumba… sijawahi kusikia chumba hiki kikiwa hivi, friji yenyewe imenyamaza, ingawa hiyo ni kwa sababu ni mbovu. Shangazi yangu. Mimi ndiye ninayewachekesha watu kwenye sherehe kwa kumwigiza pale mlangoni, mkono kiunoni, hapiti mtu, watu wanavunjika mbavu, na yeye anacheka pamoja nao, anacheka mpaka anajifuta macho, sikumuuliza anajifuta nini. Natamani kugeuka nimshike mkono. Sigeuki. Nikigeuka atakuwa anaongea na mimi, na sasa hivi haongei na mimi, anaongea na kitu nilichokiweka darajani kipigwe, na nadhani kinamsikiliza kuliko nilivyowahi kumsikiliza mimi.

“Sasa zimwi linajibuje?” ananong’ona mwalimu wa udereva, “hapa napo hakuna kitu.” Na fundi anasema, kwa wema tu, mtu mwema yule, “Si tumuulize mwenyewe? Yuko pale.”

Mgongo wangu wote umekuwa masikio. Hapa ndipo tulipofika, sema tu, dada, sema tumeshindwa, nimeshakubali, sitabisha, safari hii nitakumiminia mimi chai na nitakwambia neno la kawaida, baki, au nitakwambia nenda ukipenda, lakini si tasnia, naapa sitataja tasnia.

“Nani?” anauliza dada. “Pale hakuna mtu.”

Hakuna mtu. Anasema kama anayesema hakuna sukari, bila kugeuka, nina hakika hakugeuka, nami navuta pumzi kidogo sana ili isionekane mabegani, sipo, jambo la ajabu ni kwamba hainiumi, inanipunguzia kitu ambacho nimekibeba hata sikumbuki tangu lini, sipo, basi, mwalimu, ni wewe na zimwi lako, tazama kioo, uende. Na mwalimu anakwenda. Amesahau gia, amesahau kioo, anatoa sauti nzito, sauti ya mtu anayeshuka ngazi usiku akishika ukuta, anasema, “Goti liliniuma tangu siku ya kwanza, sista. Niliogopa kusema, wangeniondoa darajani.” Sikuandika hilo. Zimwi langu, na sikujua. Nataka kujua nani wangeliondoa, na linakwenda wapi likiondolewa, nataka kujua sasa hivi, na hakuna wa kumuuliza isipokuwa mtu anayefundisha watu kurudi nyuma kwa gari… halafu kiti kingine kinaburutwa, hiki nakijua, kile chenye mguu mfupi, kiti cha dada, kinatoka kwenye meza yake ya kuchorea, kinapita nyuma yangu, kinafika kwao.

“Nami nipeni karatasi,” anasema. “Nataka kuvuka na nyinyi.”

Wanasogea, nasikia wanavyosogea, Shangazi anamwambia kaa huku karibu na mguu wa mgonjwa, dadu bado hazijarushwa, na mimi nimekazia macho rangi ya krimu, naikazia kwa nguvu zote, kwa sababu dada yangu amechora kila daraja, kila jani na kila ukucha kwenye michezo yetu yote na sijawahi kumwona akiucheza hata mmoja, siku zote alikuwa na kisingizio, ana rangi mkononi, ana barua ya kujibu, kichwa kinamuuma, nikadhani haipendi, nikawa hata namsamehe, kumbe alikuwa anangoja niondoke mezani, na sasa nimeziba mdomo kwa viganja vyote viwili, maana nikicheka watahesabu kuwa nimesema.