Kizibao cha Mkia

Tulikuwa wanne kwenye msafara wetu wa baiskeli, na hatukuwahi kukubaliana jambo lolote isipokuwa moja: anayekaa mkiani ndiye anayevaa kizibao.

Kizibao chenyewe kilikuwa cha rangi ya chungwa, chenye mistari ya fedha inayowaka ikipigwa na taa. Kilikuwa kimoja tu, ndiyo maana kikawa cha mkia. Gari linalokuja nyuma linamkuta yeye kwanza, na likimwona yeye limetuona wote. Mkia tulibadilishana, kila asubuhi na mtu wake, kwa sababu barabara kuu tuliingia kukiwa bado na giza. Geti la kiwanda halimsubiri mtu.

Mbele, siku isiyo zamu yake ya mkia, alikaa Kengele, mpishi wa kantini ya kiwanda cha magodoro, mtu mzima mwenye wajukuu. Jina alilipata kwa kupigia kengele kila kitu: mbuzi, shimo, hata kivuli chake mwenyewe. Yeye alishikilia kwamba ajali zote zinaletwa na watu kuongea barabarani, kwa hiyo alitupiga marufuku kufungua mdomo tukiwa juu ya baiskeli. Nyuma yake alifuata Mjumbe, mtunza stoo wa kiwanda cha rangi, ambaye mtaani kwetu ni mjumbe wa chama kweli, si utani. Halafu mimi, mpiga pasi kwenye kampuni inayofua mashuka ya hospitali. Halafu mdogo wangu, fundi wa kuchomelea mageti, ambaye kila mtu alimwita Mbishi. Hata marehemu mama alimwita hivyo, na mama ndiye aliyempa jina lake halisi.

Mbishi nilimlea mimi. Baiskeli nilimfundisha mimi, nikikimbia nyuma yake nimeshika kiti, yeye akipiga kelele nisiachie. Alipokuwa mkubwa mambo yakageuka, yeye akawa nyuma na mimi mbele. Pedali yake ya kushoto ilikuwa inalia, kwiu, kwiu, safari nzima. Mtu anachomelea mageti ya matajiri, tone la mafuta la pedali yake hana. Nikimsema alinijibu, "Nikiitia mafuta, dada, utajuaje kama bado nipo?"

Katikati ya safari kuna mlima. Hapo hakuna shujaa, wote tunashuka na kusukuma, na kwa kuwa kusukuma si kuendesha, marufuku ya Kengele ilikuwa haifiki. Siasa zetu zote zilifanyika pale, tukihema.

Ugomvi wa kizibao ulianzia pale pale. Kililetwa na Mjumbe, kimoja alichoambulia, wakati kampeni zimepamba moto. Mheshimiwa aliyekuwa anaomba kurudi bungeni aligawa vizibao kwa waendesha baiskeli, na kila kimoja kilikuwa na sura yake mgongoni, anacheka meno yote nje, na chini yake maandishi: TUPO PAMOJA.

"Huyu si ndiye aliyekula njia yetu?" Mbishi alisema siku ya kwanza, amekiinua kwa vidole viwili. "Sasa anataka nimbebe mgongoni."

"Nani kala njia? Barabara imepanuliwa," Mjumbe akasema. "Wewe ulitaka ibaki ya ng'ombe?"

"Tulikuwa na njia ya vumbi pembeni. Akaja kuomba kura, akasema ataitengeneza, iwe ya baiskeli tupu. Akapata kura. Njia iko wapi?"

Njia ilikuwa chini ya lami, sote tulijua. Walipopanua barabara waliimeza, na sisi tukabaki kupita juu ya mstari mweupe, bega moja kwa malori, bega jingine kwa mtaro wa zege. Siku ya kukata utepe Mjumbe alikuwa mstari wa mbele anapiga makofi, na kesho yake alipita juu ya mstari mweupe kama sisi.

"Maendeleo hayaji na kila kitu," Mjumbe alisema. "Halafu tuseme ukweli. Wenzetu wanagongwa kwa sababu hawana taa, wanaendesha wawili wawili wanapiga domo, wengine wamelewa asubuhi asubuhi. Serikali ije ikuwashie taa? Vaa, uonekane."

"Wanatuona, Mjumbe. Wanaotugonga wanatuona. Shida si macho."

"Shida ni mdomo," Kengele akasema. "Sukumeni, tumechelewa."

Mimi sikuwa na chama. Siasa yangu ilikuwa kufika kazini na kurudi, na mdogo wangu arudi. Ningepewa kizibao chenye sura ya shetani ningevaa. Nilimwambia hivyo, akacheka, akasema angalau shetani hajawahi kumwomba kura.

Siku zake za kukaa mkiani nilikuwa sina amani. Siwezi kugeuka nyuma kwenye ule mstari, ukigeuka baiskeli inakuvuta upande wa malori. Nilikuwa natega sikio tu. Asubuhi moja tulipofika mlimani nikamtazama kwa mwanga wa gari lililokuwa linapanda, nikaona mgongo mweusi. Kizibao alikivaa, lakini alikigeuza ndani nje. Mheshimiwa alikuwa amelalia fulana yake, na mistari yote ya fedha iko humo ndani pamoja naye.

Nilimtukana njia nzima ya mlima, matusi ya nyumbani, yale ya dada kwa mdogo wake. Yeye alisukuma tu.

"Si umesema nivae?" akaniuliza nilipochoka. "Nimevaa."

"Leta nikishone," nikasema. "Nitatia kiraka juu ya hiyo sura, mistari ibaki. Basi, yaishe."

Nilidhani nimepata dawa. Mjumbe ndiye aliyekataa. Alisimama katikati ya kupanda, jambo ambalo hakuna mtu huwa analifanya, maana kuanza tena ni kazi.

"Dada, nakuomba. Kuziba sura ya mgombea, na mimi niko kwenye msafara huo huo? Watu wanapiga picha siku hizi. Nitaitwa kwenye kikao, nitaulizwa nilikuwa wapi. Hicho cheo kidogo ndicho kinachomsomesha mwanangu, unajua."

Nilijua. Chama kilimpatia mtoto wake nafasi ya shule, na kingeweza kuichukua. Kwa hiyo kiraka kikafa pale pale. Mbishi akasema basi, yeye siku zake atakaa mkiani bila kitu, na asiyetaka aondoke kwenye msafara.

Jioni ile nilimfuata kwake. Wifi yangu alikuwa anamwogesha mtoto kwenye beseni, akanionyesha kwa kidevu kwamba mume wake yuko nyuma ya nyumba. Nilimkuta amepindua baiskeli, anakaza mnyororo. Sikumtukana tena. Nilikaa juu ya ndoo nikamwambia, "Mimi niko mbele yako na siwezi kugeuka. Ungekuwa wewe mbele, mimi nyuma, ungetaka nivae au nisivae?"

Akarudia kukaza mnyororo uliokwisha kukazwa. Mbishi alikuwa na jibu la kila kitu, kwa hiyo nilijua nimempata.

"Ungevaa," akasema mwishoni. "Wewe huna aibu."

"Basi vaa kwa ajili yangu. Mchukie kimoyomoyo."

Akafuta mikono kwenye suruali. "Sawa, dada. Lakini nikifa nacho, mnivue kabla watu hawajaja."

Tulicheka. Ndiyo, tulicheka wote wawili, na wifi akauliza kutoka upande wa pili kuna nini.

Alitimiza neno lake. Zamu yake ikifika alikivaa sawasawa, sura nje, mistari nje, na kila tukifika mlimani alimpa Mjumbe mgongo akamwuliza kama mheshimiwa amelala vizuri. Hata Mjumbe alianza kucheka. Kengele alisema msafara umekuwa na adabu kidogo. Mimi nililala usingizi.

Ilikuwa zamu yake tena asubuhi ile. Tulikwishavuka mlima, tunateremka kuelekea viwandani, kumeanza kupambazuka. Mwanga ulikuwa wa kutosha kuona maandishi ya vibao. Upande wa pili lilikuwa linakuja lori refu. Nyuma yetu nikasikia injini, na katikati ya injini nikasikia kwiu, kwiu, halafu nikasikia kishindo, na kwiu haikurudi. Pikapu ikanipita karibu mno, upepo wake ukanisukuma hadi ukingo wa mtaro. Nilianguka. Nilipoinuka niliita jina lake halisi. Sijui kwa nini, sikuwa nimelitumia kwa miaka.

Alikuwa kwenye mtaro, kifudifudi. Sikuona damu nyingi. Mheshimiwa alikuwa ananitazama kutoka mgongoni kwa mdogo wangu, anacheka, mistari inawaka kwa taa za magari yaliyosimama. Kengele alishuka mtaroni na suruali yake ya kazi, akamshika shingo, akakaa vile vile amemshika muda mrefu, kisha akanitazama.

Watu wakajaa. Simu zikainuliwa. Nilikumbuka aliyoniambia nyuma ya nyumba nikaanza kukivuta kile kizibao, nikivue, na watu wakanishika wakisema marehemu asiguswe hadi askari aje.

Askari wa barabarani alipofika aliuliza swali ambalo wanauliza siku zote. "Alikuwa amevaa kitu cha kung'aa?" Halafu akaangalia mtaroni, akajijibu mwenyewe.

Dereva wa pikapu alikuwa amekaa chini kando ya gurudumu lake, mtu wa makamo, pikapu yake imejaa mapipa ya maziwa. Hakuwa amelewa. Hakukimbia. Ningempenda zaidi angekimbia.

"Hukumwona?" askari akamwuliza.

"Nilimwona," akasema. "Nilimwona tangu kule juu, anawaka. Lori lilikuwa linakuja, nikajua atapisha. Huwa wanapisha."

"Apishe aende wapi?" Mjumbe akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Pale pana mtaro. Apishe aende wapi?"

Dereva alirudia tu kwamba alimwona, kama vile kumwona ndiyo utetezi wake.

Picha yake mtaroni na kile kizibao ilizunguka kwenye simu kabla hatujatoka chumba cha maiti. Siku ya mazishi, tukiwa tumekaa chini ya turubai mbele ya nyumba ya wifi, zikaja gari mbili za chama. Akashuka katibu na watu wake, na bendera iliyokunjwa, na furushi limefungwa kwa kamba. Katibu akaomba nafasi ya kuongea, akapewa, nani angemnyima. Akasema chama kimempoteza kijana shupavu, aliyemwaga damu akiwa amembeba mgombea wake mgongoni. Akasema mheshimiwa ameguswa sana, na ametuma vizibao vipya kwa waendesha baiskeli wote wa mtaa huu ili jambo hili lisitokee tena. Kisha akaanza kuikunjua bendera juu ya jeneza.

Wifi aliniangalia. Mimi nilibaki nimekaa. Kichwani nilikuwa nasikia ile "sawa, dada" tu, na kwamba mdogo wangu aliniomba kitu kimoja na sikukifanya.

Aliyesimama ni Mjumbe. Alivaa shati la chama, hakuwa na jingine zuri. Alikwenda hadi kwenye jeneza akaweka mkono wake juu ya mbao, ile bendera ikakwama kwenye mkono wake.

"Katibu," akasema, "huyu nimebishana naye kila asubuhi. Angekuwa wetu, ningejua mimi. Hakuwa wetu. Alivaa kwa sababu dada yake alimwomba."

"Ndugu mjumbe, kaa chini."

"Hakuwa wetu. Rudini nayo."

Hakupandisha sauti. Alibaki ameweka mkono pale pale mpaka katibu akaona watu wote wanamtazama yeye, akaikunja bendera, akarudi garini. Furushi waliliacha. Mdogo wangu tulimzika bila rangi ya chama cha mtu. Juma lililofuata Mjumbe hakuwa mjumbe tena, na mtoto wake akawa nyumbani, lakini sisi tunaendelea kumwita hivyo hivyo kwa sababu hatujui kumwita vingine.

Nilirudi kazini ilipobidi. Mashuka hayajui msiba. Nilipofika mahali petu pa kukutana niliwakuta Kengele na Mjumbe wamesimama kando ya baiskeli zao, na Mjumbe ana kizibao mkononi, kimoja kati ya vile vya furushi. Alikuwa ametia kiraka mgongoni, kitambaa cha kaniki, mishono mikubwa ya mwanamume asiyewahi kushika sindano. Sura yote ilikuwa imezibwa. Mistari aliiacha.

"Nilipaswa kukuruhusu siku ile," akasema.

"Isingesaidia," nikamwambia, na sikusema ili kumtuliza. Ndivyo ilivyokuwa. Mbishi alisema shida si macho, hakuna aliyemsikiliza, na dereva mwenyewe alikuja kumtolea ushahidi.

"Mkia ni nani leo?" Kengele akauliza.

Nikasema ni mimi. Walitaka kubisha, hawakubisha. Nilikivaa kile kizibao nikafunga vifungo vyote, tukaingia barabarani watatu, Kengele mbele. Hapakuwa na sauti ya pedali nyuma yangu. Kulikuwa na magari tu, moja baada ya jingine, na taa zao zilinimulika mgongoni hadi nikaona kivuli changu mbele yangu, kirefu, kinapanda juu ya Mjumbe na baiskeli yake. Niliendesha nimekaza shingo, bila kugeuka, na nilijua kila aliyekuja nyuma yangu ananiona.